Karatasi Nyeupe Kutoka Jikoni kwa Mbuke

Mbuke ng'wana Malimi, yaani binti Malimi, alifika Ubaruku kwa miguu, nyuma ya ng'ombe. Vijana wa siku hizi wanasema Wasukuma wote wa bonde hili waliletwa na malori. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta la mfereji, ndoo kichwani, nikawaona wanatokea upande wa Rujewa: kwanza vumbi, kisha pembe, halafu watu. Yeye alikuwa mwali aliyeolewa karibuni, bangili za waya zimempanda mpaka kwenye kiwiko, na mgongoni amefunga chungu kwa kanga jinsi mtoto anavyofungwa. Mumewe, Nashoni, alikuwa mbele na fimbo yake. Walitoka Bariadi wakifuata majani, maana enzi hizo majani ya Usangu yalikuwa yanamficha mtu aliyesimama.

Mimi ni Mhehe wa Ifunda, nililetwa huku na ndoa. Mume wangu alikuwa anaangalia milango ya maji kwenye shamba la mpunga. Kwa hiyo mimi na Mbuke wote tulikuwa wageni kwenye nchi ya Wasangu, na wageni wanajuana haraka. Aliniita Mama Philbert kwa jina la mwanangu wa kwanza, akajenga nyuma ya nyumba yangu, na ua wetu ukawa mmoja. Alinitania kwamba mbwa wa kijiji walianza kupungua siku niliyohamia mimi. Nami nikamwambia kwamba Msukuma akifiwa na ng'ombe anatangaza msiba, akifiwa na mkwe anauliza kama kuna nyama. Tulitaniana hivyo mpaka tukazeeka, na utani wetu haukubadilika hata neno.

Wafugaji walipoambiwa waondoke bondeni, Nashoni aliondoka na ng'ombe kuelekea Lindi. Mbuke alibaki kwa sababu binti yao, Kabula, alikuwa shuleni. Mwanzoni Nashoni alikuwa anapiga simu kila mwezi. Baadaye akawa anapiga akiumwa. Baadaye hata akiumwa hakupiga. Mbuke hakulia mbele yangu. Alichukua sufuria zake akaanza kuwapikia wali na maharage wanaobeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga, na hiyo ndiyo kazi anayoifanya mpaka leo ninapoandika.

Kuni huku ni taabu. Kwenye mashine kuna vilima vya pumba za mpunga, nazo ni za bure, ukitaka unachota. Jiko la pumba ni bati la duara lenye tundu chini. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba pembeni, unachomoa chupa, unawasha kwa chini. Likishika linawaka lenyewe mpaka maharage yanaiva. Ila upepo ukigeuka, linatoa moshi wa njano, mzito, unaokaa chini kama paka. Na majiko yetu tumeyajenga mafupi, bila dirisha, kwa sababu upepo wa bonde ukiingia jikoni unatoka na cheche.

Kabula alikua, akaenda kufanya kazi ya vitunguu Ruaha Mbuyuni, akarudi na mimba ya kijana anaitwa Ezron. Akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo, unamshika kwa kiganja kimoja. Kabula alimpa jina akiwa bado kitandani hospitali, akamwita Goodness, na kabla mtoto hajaanza kushika shingo, mama yake akafariki.

Ukoo wa Ezron ulikuja. Ezron mwenyewe alikaa kwenye kiti ameinamisha kichwa, dada yake Yudith, anayekaa Iringa mjini, ndiye aliyesema. Alisema wangependa kumlea mtoto. Mbuke aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ng'ombe wako wapi?" Hapakuwa na ng'ombe. Kwa Wasukuma mtoto ambaye mama yake hakuolewa kwa ng'ombe ni wa kwa mama yake, na neno hilo halina rufaa. Wakanywa chai, wakaondoka.

Goodness alilelewa mgongoni kwa bibi yake, juu ya jiko la pumba. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Mtoto yule angelazwa wapi? Alinyweshwa maziwa jikoni, akalala jikoni, akaanza kutambaa jikoni. Na toka mwanzo alikuwa na kifua. Kikianza, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, shingo inatoa vishimo. Alipigwa na nimonia akiwa mchanga. Alipofika miaka minne wakasema ni TB, akameza dawa za TB mpaka zikaisha. Kifua kikabaki vilevile. Watoto wenzake wakicheza kombolela, yeye ndiye anayehesabu, kila siku, kwa sababu anayehesabu hakimbii.

*

Watu wa utafiti walikuja kutoka Mbeya wakati mpunga umeshapandikizwa. Tumepimwa sana huku Usangu. Walikuja watu wa maji wakapima mfereji. Wakaja watu wa mbu wakatoboa vidole vya watoto. Wakaja watu wa mifugo. Kila mmoja aliondoka na alichokitaka, na sisi tukabaki na mfereji wetu na mbu wetu. Kwa hiyo siku ya mkutano hatukwenda kwa furaha. Tulikwenda kwa sababu mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba.

Aliyesimama kusema alikuwa daktari kijana, jina lake Clement, Mnyakyusa kwa matamshi. Alisema wanataka kujua kwa nini watoto wengi wa mabonde haya wana mapafu dhaifu, na kama moshi wa majikoni unahusika.

Mzee Rabson, mwenye mashine ya kukoboa, akanyoosha mkono. "Mmetuletea vyandarua?"

"Hapana, mzee wangu."

"Sabuni?"

"Hapana."

"Sasa mmekuja na nini?"

"Na kisanduku," Clement akasema, na watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka.

Walianza na kupuliza. Mtoto anashika mrija mdomoni, mbele yake kuna kompyuta inaonyesha keki yenye mishumaa, anatakiwa apulize kwa nguvu mpaka izime. Mtoto wa jirani yangu aliizima yote akaomba arudie. Goodness alipopuliza, mshumaa wa mbele uliyumba, ukainama, ukasimama tena. Akajaribu tena mpaka macho yakamtoka machozi. Akageuka akamwangalia bibi yake.

"Bibi, keki haitaki."

"Iache," Mbuke akasema. "Tutakula viazi."

Basi Goodness akaingizwa kwenye utafiti. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tulivyojua. Watoto walioingizwa walikuwa wanafuatiliwa na daktari wa mapafu Mbeya, na sisi hatukuwahi kujua kama mapafu yana daktari wake peke yake.

Aliyepita majumbani alikuwa nesi mmoja, Devota, Mbena wa Makambako, mtu wa maneno machache na mwendo wa haraka. Alileta kisanduku cha kuvuta hewa. Ndani yake kulikuwa na karatasi nyeupe ya duara, nyembamba, na mimi kama Mkatoliki nilipoiona nilifikiria hostia. Kinatundikwa jikoni kutwa nzima, na moshi unaacha alama kwenye ile karatasi. Mtoto naye anavaa kizibao chenye kisanduku kidogo mfukoni. Devota akamwambia Mbuke, "Bibi, usibadilishe kitu. Pika kama siku zote. Kesho jioni nitakuja kukichukua."

"Nimesikia, mwanangu," Mbuke akasema.

Na alisikia kweli. Lakini kwao Mbuke, na kwetu pia, mgeni hapigwi moshi. Mgeni akiingia ua wako, unahamisha moto. Unafagia, unanyunyiza maji, unamkalisha upande ambao upepo hautokei. Na kile kisanduku kilikuwa cha watu, kimetoka mbali, Devota alikuwa amekibeba kwa mikono miwili. Asubuhi kabla jua halijapanda Mbuke alikuja kwangu na jiko la pumba mikononi.

"Mama Philbert, leo napika kwako."

"Kwangu kuna nini?"

"Kwangu kuna kitu cha watu. Kikiingia masizi nitawaambia nini?"

Akapika kwenye ua wangu, chini ya anga. Jikoni kwake alifagia mara mbili, akamwaga maji sakafuni, na juu ya kisanduku akafunika kanga mpya, ile aliyopewa kwenye harusi ya mtoto wa Rabson, ili vumbi lisikipate. Goodness alikalishwa kwenye kiti na kizibao chake, akaambiwa asicheze na mavumbi. Alikaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Nilimwambia, "Mbuke, yule binti alisema kama siku zote."

Akaniangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mtu asiye na malezi. "Nyie Wahehe mgeni mnamkalisha kwenye majivu?"

Na wala hakuwa peke yake. Kitongoji kizima siku zile kilikuwa kinapikia nje, au kwa jirani, au hakipiki kabisa. Mke wa mwenyekiti alinunua mkaa kwa ajili ya kisanduku tu. Ilikuwa kama Krismasi.

*

Majibu yalikuja baada ya mavuno kuanza. Devota alikaa kwenye kigoda cha Mbuke akasema jikoni humo hewa ni nzuri kuliko ofisini kwao Mbeya. Mbuke alifurahi. Alinigeukia kuona kama nimesikia.

"Kwa hiyo moshi hatuuoni kama ndio sababu kwa Goodness," Devota akaendelea. "Daktari anafikiri huenda TB haikuisha. Wataangalia upya. Na kwa kitongoji hiki, nadhani watahamia kijiji kingine chenye moshi. Hapa hapana kitu."

Alipoondoka nilimfuata Mbuke jikoni. Alikuwa anashindilia pumba, anakohoa.

"Mwambie yule binti," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Alichomoa chupa taratibu, tundu lisibomoke. Akawasha, moshi ukaja usoni kwetu sote, tukafumba macho kama tulivyozoea. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mama Philbert, wewe umesoma mpaka darasa la saba, mimi sikusoma. Lakini hili nalijua. Wakiandika kwamba jiko la Mbuke ndilo linamuumiza mtoto, Yudith atasikia. Na Yudith anapikia gesi. Ng'ombe sikupewa, kwa hiyo mtoto ni wangu, hakuna wa kunibishia. Lakini ugonjwa haujui habari za ng'ombe."

Hapo ndipo nilielewa kwamba mambo ya mgeni na kanga mpya yalikuwa yameisha zamani, siku ileile. Sasa alikuwa anaificha siri ya ile karatasi nyeupe kwa sababu ilikuwa inamlinda. Akiufungua mdomo, atampoteza mjukuu. Akiufunga, mjukuu atameza dawa za TB tena, na moshi utaendelea kuingia palepale. Nilimsaidia kuchambua mchele.

Mwezi ule wa mavuno huku kwetu ni wa vumbi na pumba. Mashine hazilali, na vilima vikizidi, watu wa mashine wanavichoma moto. Vinafuka wiki nzima, moshi umetanda mpaka barabarani. Mchana mmoja nilikuwa naanika mpunga nikamsikia Mbuke ananiita, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyoniogopesha. Goodness alikuwa ameketi ameshika magoti, mdomo wazi, haongei. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Alikuwa anavuta hewa na hewa haiji.

Philbert wangu alimpakia kwenye pikipiki, Mbuke nyuma amemkumbatia, wakaenda Rujewa. Mimi nikafuata kwa bajaji. Nilipofika alikuwa amewekewa oksijeni, kale kauso kote kamefunikwa, na Mbuke amekaa kwenye benchi na mwiko mkononi. Alikuwa ameondoka nao nyumbani hajui.

*

Mtoto alipata nafuu. Siku iliyofuata alikuja Clement kutoka Mbeya, na Devota. Simu zilikuwa zimepigwa: akaja Ezron kutoka Ruaha Mbuyuni, mikono bado inanuka vitunguu, na Yudith kutoka Iringa. Tulikaa kwenye kibaraza cha wodi. Ezron alikuwa amekuwa mtu mzima, amenenepa kidogo, ana mke sasa. Alipiga goti akamsalimia Mbuke, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba" bila ugumu wowote. Chuki hakuwa nayo. Alikuwa amechoka tu.

Clement akaeleza. Alisema watamwanzishia tena dawa za TB huku wakisubiri vipimo vingine, kwa kuwa hewa ya nyumbani walishaipima na iko safi, hivyo ubaya lazima uwe unatoka kwingine. Akasema dawa ni za miezi mingi na zinachosha, lakini wafanye nini.

Nilimwona Mbuke anauangalia ule mwiko. Akauweka chini kwenye sakafu, upande wa nyuma ya mguu wake.

"Daktari," akasema. "Ile karatasi yako ni ya uongo."

"Karatasi ipi, bibi?"

"Ya jikoni. Sikupika. Siku ile nilipika kwa huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Kisanduku nilikifunika kanga."

Yudith aligeuza shingo akamtazama kaka yake. Devota alikuwa wa kwanza kusema. "Bibi, nilikuambia upike kama siku zote."

"Uliniambia. Lakini ulikuja mgeni, mwanangu. Wewe ukija kwa mama yako mkwe na zawadi, anaiweka kwenye moshi?"

Devota akamgeukia Clement.

Clement alinigeukia mimi. "Mama, ni yeye peke yake?"

"Kitongoji kizima," nikasema. "Mke wa mwenyekiti alipikia mkaa. Wengine walikula maandazi kutwa."

Kijana wa watu alikaa kwenye benchi. Nilidhani atakasirika, na kama angekasirika ningemjibu, maana sikutaka Mbuke asemwe na mtu mwenye umri wa wanangu. Hakukasirika. Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili akakaa hivyo kidogo.

"Kwa hiyo msimu mzima tumepima nyumba zilizofagiliwa," Devota akasema.

"Tutarudia," Clement akasema. Kisha akamwambia Mbuke, "Asante bibi."

Yudith ndiye aliyesema. Hakusema vibaya, lakini alisema. "Mama, kwa miaka yote hii?"

"Miaka yote," Mbuke akajibu. "Wewe ulidhani napikia nini? Umeme?"

Walirudia. Mtoto akiwa bado hospitali, Devota alikuja akatundika kisanduku kwa mara ya pili, akakaa mwenyewe kwenye ua kutwa nzima kuhakikisha hakipati heshima yoyote. Mbuke alishindilia pumba, akawasha, akapika wali wa wabeba magunia kama anavyopika. Jioni Devota alifungua kisanduku mbele yetu. Ile karatasi ya duara ilikuwa nyeusi, nyeusi ya tako la sufuria. Mbuke aliichukua kwenye kiganja akaiangalia kwa muda mrefu. Alijaribu kuisugua kwa kidole gumba. Haikutoka.

"Na hiki ndicho kiko kifuani mwake?" akamwuliza Clement kesho yake wodini Rujewa, ameishika ile karatasi mbele ya Ezron na Yudith.

Clement alikuwa mkweli, nampa haki yake. Alisema si kwamba ni moshi peke yake. Mtoto alizaliwa njiti, mapafu hayajakomaa, kisha nimonia ikampiga mapema, halafu moshi. Ni kipi kiliharibu kiasi gani, hawajui, ndiyo maana wanapima. Akasema yaliyoharibika hayawezi kurudishwa. Lakini mapafu ya mtoto yanaendelea kukua mpaka anakuwa mtu mzima, na yakipata hewa safi, yanaweza kukua vizuri kuliko sasa. TB hawakuiona, dawa zile hazitaanzishwa. Wakampa pampu ya kuvuta dawa ya kifua. Wakachukua chupa ya maji, wakaitoboa tundu kwenye kitako wakachomeka pampu humo, mtoto anavutia mdomoni mwa chupa. Goodness aliipenda, akaiita soda yake.

"Kama angekaa mahali pasipo na moshi," Clement akasema, akaishia hapo.

Ezron alikuwa anaangalia viatu vyake. Yudith alinyamaza safari hii, na kwa kunyamaza kule nilimheshimu. Kila mtu alijua kwamba kama angeomba, Mbuke angeweza kumwuliza tena ng'ombe wako wapi, na angeshinda.

Tuliporudi nyumbani nilimpendekezea mengine. Nilisema apikie kwangu. Nilisema Philbert atatoboa dirisha. Alinisikiliza. "Na vilima vya mashine utavitoboa dirisha?" akauliza. Nikasema aache kupika kabisa, tutakula cha kwangu. Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mama Philbert, hata wewe unanuka moshi."

Siku ya tatu yake aliomba simu yangu. Alimpigia Yudith, si Ezron. Nilikuwepo, nilisikia. Alimwamkia kwa kawaida, akauliza habari za Iringa, akauliza kama kuna baridi. Kisha akasema, "Njoo umchukue mjukuu wangu. Ni wangu, wewe unanitunzia. Uje kabla hawajachoma vilima vingine."

*

Tulimsindikiza mpaka Igawa, kwenye barabara kuu. Goodness alikuwa amevaa gauni jekundu na viatu vya Philbert vya udogoni nilivyokuwa nimevihifadhi. Hakulia. Alikuwa anauliza kama Iringa kuna mawe makubwa kweli, Yudith akamwambia yapo, mengine yamekaa juu ya mlima kama yamesahauliwa. Basi lilipokuja Mbuke alimpa ile chupa mkononi, akamwambia avute asubuhi na jioni, na asimpe mtu mwingine avute. Basi. Tukarudi.

Mbuke hakuacha kupika. Angekula nini? Wabeba magunia bado wanakula, pumba bado ni za bure. Kila mwezi anapiga simu kwa Yudith, na simu haikatiki kama ile ya Nashoni ilivyokatika. Mtoto anaendelea. Kifua kinamshika bado, kwenye baridi hasa, lakini hajalazwa tena. Walimpeleka Mbeya akapuliza mrija. Yudith anasema mishumaa ya mbele ilizima.

Utafiti nao umerudi kitongojini, unaendelea. Devota sasa anakaa kutwa kila nyumba, ananyimwa kiti kizuri na anafurahi. Siku moja nilimwuliza kama wanacho kisanduku cha kupima wazee, maana nilikuwa nimemsikia Mbuke anavyokohoa alfajiri, kikohozi kirefu, cha chini, kisicholeta kitu. Devota alisema utafiti huu ni wa watoto. Alisema labda huko mbele. Alisema kwa huruma, na mimi nikasema sawa.

Desemba iliyopita Goodness aliletwa likizo. Ameongezeka kimo, amepata meno makubwa ya mbele, anaongea Kiswahili cha Iringa mjini cha haraka. Yudith alimpa sharti moja: jikoni asiingie. Mtoto anatii. Basi kila siku alikuwa anachukua kiti anakiweka uani, mbali kidogo na mlango wa jiko, upande ambao upepo hautokei, anakaa anapiga hadithi na bibi yake aliye ndani. Mmoja anaongea na giza, mwingine anajibu kutoka kwenye moshi. Nilizoea kuwasikia nikiwa kwangu. Shule, paka wa shangazi, mwalimu mmoja anayevaa wigi. Kisha sauti ya ndani inakatika kwa kikohozi, mtoto anasubiri, kisha wanaendelea.

Siku moja kabla hajarudi Iringa nilikuwa nimekaa naye pale uani, tunachambua maharage. Mbuke alikuwa ndani, kikohozi kikamshika hakikumwachia. Goodness aliacha maharage.

"Bibi, toka nje kidogo."

"Wali utashika."

"Ushike."

Halafu Mbuke akatokea mlangoni, ameinama, anafuta macho kwa ncha ya kanga. Alikaa chini kando ya kiti cha mtoto, akanyoosha miguu yake yote miwili kwenye jua, akafumba macho. Goodness aliweka mkono mgongoni kwa bibi yake, akaanza kuupandisha na kuushusha, jinsi alivyokuwa anafanyiwa yeye. Baada ya muda tukaanza kusikia harufu ya wali unaoungua. Wabeba magunia watagomba, nikajua. Hakuna aliyeinuka.